UKATAJI WA MISITU NA MMOMONYOKO WA UDONGO: MAFUNZO KUTOKA MOHORO

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wakazi wa Kisiwa cha Mafia. Yanachapishwa katika ukurasa huu ili wale ambao hawakuwahi kuhudhuria nao wayasome.)

Kwa idhini yako, Ndugu Mwenyekiti, napenda kuchukua nafasi hii kuzungumzia jambo linaloonekana dogo kwa kuwa huenda polepole, nalo ni udongo. Nitaeleza jinsi msitu unavyoushika, jinsi unavyoondoka pale msitu unapofyekwa, na mahali unakokwenda baada ya kuondoka. Mfano wangu nimeuchukua Mohoro, ng'ambo ya mlango wa bahari unaokitenga kisiwa chetu na delta ya Mto Rufiji.

Huenda baadhi yenu mkajiuliza mkazi wa Mafia anahusikaje na shamba lililofyekwa Mohoro. Anahusika kwa njia mbili. Kwanza, samaki na kamba tunaowategemea hukulia katika maji ya delta ile. Pili, boriti, mbao na mkaa hutoka bara kwa sababu wako wanunuzi, na sisi tumo miongoni mwao. Kwa hiyo habari za Mohoro ni habari zetu pia.

1. MOHORO NA MAJI YAKE

Mohoro, ambayo wengine huiandika Muhoro, imo katika Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani. Ni mahali pa zamani. Wakati wa utawala wa Wajerumani palikuwa na boma la Serikali, na ndipo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza.

Magharibi na kusini mwake vipo vilima vya Kichi na Matumbi. Kaskazini lipo bonde la mafuriko la Rufiji, na mashariki ipo delta yenye mikoko. Hivyo mkazi wa Mohoro hupokea maji kutoka pande mbili: maji ya mto mkubwa yatokayo mbali, na maji ya vijito vitelemkavyo kutoka vilima vya karibu.

Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, yaani kiasi cha sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote huingia humo. Wazee wa bonde lile waliujua mto wao na walilima kwa kuufuata. Mpunga ulipandwa kabla ya mafuriko kufika, na maji yalipopungua yakapandwa mazao ya mlau juu ya tope jipya lenye unyevu na rutuba. Inafaa tukumbuke jambo hilo tangu mwanzo, kwamba si kila tope ni adui. Tope laini linaloletwa na mto kwa kiasi chake lilikuwa mbolea ya Rufiji kwa karne nyingi.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji kuanzia mwaka 1969, na wakulima wengi wakahamishiwa katika vijiji vilivyo kwenye ardhi ya juu. Nia ilikuwa kuokoa maisha na kuwapatia huduma. Hata hivyo, kilimo nacho kilipanda juu pamoja na watu. Ardhi ya juu haina mto wa kuirutubisha kila mwaka. Rutuba yake yote imo katika tabaka jembamba la juu, na tabaka hilo hulindwa na miti. Udongo ukichoka, mkulima husogea mbele na kufyeka tena.

2. JINSI MSITU UNAVYOSHIKA UDONGO

Ndugu Wananchi, mmomonyoko huanza na tone la mvua. Tone linaloanguka juu ya udongo mtupu huupiga, huuvunja chembechembe na kuzirusha. Chembe zile laini huziba vitundu vya ardhi, na uso wa shamba hufanya ngozi ngumu. Maji yanayofuata hayapati pa kuingia, basi hutiririka juu juu yakiondoka na udongo. Kwanza huondoka tabaka jembamba la shamba zima, ambalo mwenye shamba halioni. Kisha hutokea vijifereji, na vijifereji vikiachwa huwa makorongo.

Msitu huzuia mambo hayo kwa njia tatu. Majani na matawi hupokea kishindo cha mvua. Majani makavu yaliyotandaa chini hulinda uso wa ardhi na kuwalisha wadudu na minyoo wanaotoboa udongo, hivyo maji huzama. Mizizi nayo huufunga udongo pamoja, na mizizi mizee inapooza huacha njia za maji kupenya chini. Maji yaliyozama ndiyo yanayotoka polepole katika chemchemi na visima wakati wa kiangazi. Mahali palipofyekwa, maji yale yale huteremka yote siku ya mvua na kukosekana siku ya jua.

Napenda tusisitize neno moja hapa. Ulinzi mkubwa umo katika kile kilichoifunika ardhi, hasa majani makavu na mimea midogo. Kwa hiyo msitu unaochomwa moto kila mwaka, hata kama miti mikubwa imesimama, umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kinga yake.

3. USHAHIDI WA VIPIMO

Mambo haya yamepimwa hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1930 watafiti huko Mpwapwa walitenga vipande vya ardhi vyenye mteremko mdogo, wakapima maji na udongo vilivyopotea kutoka kila kipande kwa mwaka. Matokeo yalikuwa kama ifuatavyo:

(a) Palipoachwa kichaka kisicholishwa mifugo, maji yaliyotiririka yalikuwa asilimia 0.4 tu ya mvua, na hakuna udongo uliopotea kwa kiasi cha kuhesabika.
(b) Palipokuwa na majani, maji yaliyotiririka yalikuwa asilimia 1.9, na udongo haukupotea.
(c) Palipolimwa nafaka, asilimia 26 ya mvua ilitiririka, na tani 78 za udongo zilipotea kwa hekta moja.
(d) Palipoachwa patupu, nusu ya mvua ilitiririka, na tani 146 za udongo zilipotea kwa hekta moja.

Tani 146 kwa hekta ni takriban tani 59 kwa ekari. Kwa lori la kubeba tani 7, ni zaidi ya malori 8 ya udongo kutoka ekari moja kwa mwaka mmoja. Unene wa udongo huo ni kama sentimita moja tu, ndiyo maana mkulima haoni kitu. Lakini sentimita ile ndiyo yenye mboji, na asili huchukua miaka mingi sana kuirudisha.

Mfano wa pili ni wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya takriban milimita 100 kwa muda wa saa tatu, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakatokea. Wataalamu walipoyachunguza waliona kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na katika ardhi iliyopumzishwa yenye majani. Yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia 1. Mvua ilikuwa moja na milima ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa miti.

Vilima vya Kichi na Matumbi si virefu kama Uluguru, lakini maji hufuata sheria moja kila mahali.

4. KWA NINI MISITU INAFYEKWA

Ndugu Mwenyekiti, mtu hafyeki msitu kwa kuuchukia. Hufyeka kwa sababu anatafuta riziki, na ni vema tuzitaje sababu hizo bila kuwalaumu watu wa kundi moja.

Ya kwanza ni kilimo cha kuhamahama. Ufuta umekuwa zao la fedha lenye thamani katika wilaya za Rufiji na Kilwa, nao hustawi vizuri katika ardhi mpya. Ya pili ni mkaa. Katika tanuri la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, na jiji la Dar es Salaam halishibi mkaa. Ya tatu ni mbao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 lilituondolea adha ya kivuko, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini barabara iliyomrahisishia mgonjwa kufika hospitali ilimrahisishia pia mfanyabiashara wa mninga, mkongo na mpingo. Taarifa ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwa kirefu jinsi uvunaji ulivyoongezeka katika wilaya za kusini, na jinsi sehemu kubwa mno ya ushuru ilivyopotea bila kufika Serikalini wala vijijini. Ya nne ni mifugo. Kuanzia mwaka 2006 wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu walielekezwa katika wilaya za kusini mwa pwani, Rufiji ikiwamo, na ardhi ambayo haikuzoea kwato nyingi ikapata mzigo mpya.

Misitu ya hifadhi kama Ngumburuni, karibu na Ikwiriri, na Kiwengoma, katika vilima vya Matumbi, ni mabaki yenye thamani kubwa. Imebaki kama visiwa katikati ya mashamba, na kila kisiwa huliwa kuanzia kingo zake.

5. UDONGO UNAKWENDA WAPI

Udongo ukiondoka kilimani haupotei. Mchanga mzito hutua mapema, katika vijito na katika majaruba ya mpunga yaliyo chini ya vilima. Kitako cha kijito hupanda, kina chake hupungua, na mvua ambayo zamani ingepita ndani ya kingo hufurika nje. Jaruba lililofunikwa na mchanga halirudi kuwa jaruba kwa msimu mmoja. Tope laini ndilo linalosafiri mbali hadi baharini. Ndiyo sababu mtu wa Mohoro hupata mchanga asioutaka, wakati mboji aliyoipoteza mwenzake wa kilimani imempita.

Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na Mohoro ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofunikwa na maji. Nyumba na mashamba viliharibika. Haitakuwa haki kusema kwamba mafuriko yale yaliletwa na shoka. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa kupita kawaida katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na msitu wowote una kikomo cha maji unayoweza kumeza. Lakini msitu huamua mambo mawili: ni kiasi gani cha udongo kitakachosafiri pamoja na maji, na ni ardhi gani itakayobaki ili watu wapate kulima tena maji yakipungua.

Aidha, liko jambo jipya ambalo halikuwapo wakati wa wazee wetu. Zamani Mto Rufiji ulikadiriwa kupeleka baharini tani milioni 17 za mchanga na tope kwa mwaka. Tope hilo ndilo lililoijenga delta. Bwawa la Julius Nyerere, lenye ukuta wa urefu wa mita 131 kwenda juu, lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na umeme ukaanza kuzalishwa mwezi Februari 2024. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote huungana juu ya bwawa hilo. Kwa kuwa maji yakisimama hutua mzigo wake, sehemu kubwa ya tope la mbali sasa hubaki bwawani. Maji yatokayo chini ya bwawa yakiwa meupe huwa na nguvu ya kuchukua mzigo mwingine, na mzigo ulio karibu ni kingo za mto.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba Bonde la chini haliwezi tena kutegemea tope la Iringa na Morogoro kufidia udongo linaoupoteza. Miti ya kando ya mto na ya vilima vya karibu imepata kazi kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Wapo wanaouliza: ikiwa delta inahitaji tope, kwa nini tusiache udongo wa vilimani uende? Jawabu ni kwamba mchanga wa vijito huishia majarubani na katika vitako vya mito kabla ya kufika delta, na mkulima aliyeupoteza hana mwingine.

6. MIKOKO, MLANGO WA MWISHO

Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Kibiti, ina mikoko ya takriban hekta 53,000 kwa hesabu za miaka ya nyuma, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Usimamizi wake wa Kiserikali ulianza zamani, tangu mwaka 1898 wakati wa Wajerumani. Mkoko, mkandaa, muia, mchu na mlilana hupunguza kasi ya maji, na tope hutua kati ya mizizi. Hivyo mikoko ni mlango wa mwisho ambapo udongo wa bara huzuiliwa kabla ya kuingia bahari kuu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya mto ilihamia katika mikono ya kaskazini ya delta. Maji huko yakawa baridi zaidi, na wakulima wakaona kwamba mikoko ikifyekwa mpunga unakubali. Maelfu ya hekta yamefyekwa tangu wakati huo. Lakini shamba la namna hiyo halidumu. Baada ya miaka michache magugu na kaa humshinda mkulima, naye hufyeka kipande kingine. Kipande cha kwanza hubaki wazi, na tope lililokusanywa kwa vizazi huanza kuchukuliwa na maji kupwa na maji kujaa.

Hapa ndipo habari inapofika kisiwani. Kamba wengi wanaovuliwa Tanzania hutoka katika maji ya Rufiji, na wadogo wao hulelewa chini ya mikoko. Matumbawe nayo huhitaji mwanga. Tope likizidi huyafunika na kuyazibia pumzi, na samaki wa miamba hukosa makao. Tulianzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995 ili kuyalinda matumbawe hayo. Mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa ziliorodheshwa pamoja kuwa ardhioevu moja yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Waliochora mpaka ule walitambua kwamba mto, delta na kisiwa ni mwili mmoja.

7. WAJIBU WETU

Ndugu Watumishi na Ndugu Wananchi, napenda kuhitimisha kwa kutaja mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

(i) Watumishi wanaotoa vibali vya uvunaji na hati za kusafirishia mazao ya misitu wakumbuke kwamba karatasi moja iliyosainiwa bila kukagua shehena ni sawa na shoka. Idara za Serikali zinaponunua mbao, boriti na samani zidai hati hizo kabla ya malipo.

(ii) Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko. Mita hizo zihifadhiwe zikiwa na miti na matete. Hiyo ndiyo kinga yenye gharama ndogo kuliko zote.

(iii) Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Kijiji kinachopata mapato halali kutoka msitu wake kina sababu ya kuulinda, kwa hiyo vijiji visaidiwe kupima mipaka na kuandika sheria ndogo.

(iv) Wakulima wa ardhi ya mteremko walime kwa kukingama mteremko, waweke makinga maji na mistari ya majani, waache mabua shambani badala ya kuyachoma, na wachanganye mazao na miti kama mikorosho. Maafisa ugani wawafuate shambani. Mkulima akiweza kuvuna shamba lile lile kwa miaka mingi, hana haja ya kufyeka jipya.

(v) Moto wa kusafishia mashamba uwashwe kwa taarifa na kwa kuzungukwa na njia ya kuzuia moto.

(vi) Wakazi wa kisiwa wanaojenga wapunguze matumizi ya boriti za mikoko pale matofali yanapopatikana, na wasinunue boriti wala mkaa usiojulikana unakotoka. Wanaopanda mikoko wachague aina inayolingana na mahali. Palipo na njia ya maji iliyozibwa, kuizibua husaidia mbegu kujiotea zenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa Mohoro bado unazibika. Vilima vina mabaki ya misitu, kingo za mto zinaweza kuoteshwa, na sehemu kubwa ya mikoko ingali imesimama. Gharama ya kuyalinda hayo ni kusimamia sheria tulizo nazo na kuwapa wakulima njia ya kuishi bila kuhama. Gharama ya kuyapoteza itawaangukia watoto wa Mohoro majarubani, na watoto wa Mafia kwenye nyavu zao.